Biskuti ya Nazi Katika Bonde la Bugarama

Ziko nyumba chache katika sekta ya Muganza, wilaya ya Rusizi, ambamo biskuti za oti na nazi huokwa juu ya jiko la makaa, hasa siku zinazokaribia sikukuu. Biskuti hizo ni ndogo, za duara, rangi yake ya kahawia, na ukiivunja moja utaona nyuzi za nazi zimeshikana na punje bapa za nafaka. Nazi haioti Muganza. Oti hailimwi Muganza. Ngano yenyewe hutoka milimani, mbali na joto la bonde. Hata hivyo biskuti hupikwa, huitwa kwa jina lake, huuzwa kwa jirani na kugawiwa watoto. Na jina hilo lina asili yake, kama zilivyo na asili yake sufuria, sahani na kijiko vinavyotumika kuzipika. Katika makala hii tumekusudia kuifuata asili hiyo, kwa kuwa sisi walimu wa Kiswahili wa Rwanda tumezoea kuitafuta historia ya lugha hii katika amri za serikali, tukaiacha ile iliyo karibu zaidi, iliyomo jikoni.

Tuna sababu ya kusema hivyo. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Tangu hapo wanafunzi wengi, na hata baadhi ya wazazi wao, hukizungumzia Kiswahili kana kwamba ni mgeni aliyeshuka garini mwaka huo na mizigo yake mkononi. Wengine, walio wakubwa kwa umri, wanakumbuka hali nyingine: kwamba Kiswahili kilihesabiwa kuwa lugha ya sokoni, ya askari na ya madereva wa malori, na kwamba kumwita mtu Mswahili kulikuwa karibu sawa na kumwita mjanja asiyeaminika. Rai hizi mbili zapingana, lakini zinapatana katika jambo moja: zote mbili zinakiweka Kiswahili nje ya nyumba ya Mnyarwanda. Sisi twaona kwamba ushahidi wa jikoni unaonyesha kinyume.

Yafaa kwanza tueleze mahali penyewe. Bonde la Bugarama, ambamo Muganza imo, ndiyo sehemu ya chini kuliko zote nchini Rwanda, kiasi cha mita 950 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ambayo sehemu yake kubwa imeinuka juu sana ya hapo. Mto Rusizi, utokao Ziwa Kivu ukielekea Ziwa Tanganyika, unapita kando yake. Ng'ambo ya mto huo ni Kongo, na mji wa karibu ni Kamanyola; ng'ambo ya mto Ruhwa, upande wa kusini, ni Burundi. Bonde limejaa mashamba ya mpunga. Kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichojengwa kwa msaada wa Uchina na kuanza kazi mwaka 1984, kiliwaleta mafundi na vibarua wa kila pembe, nao wakaleta wake, watoto na mapishi yao. Kiswahili kisikikacho hapo sicho cha Unguja. Kina ladha ya Bukavu, Uvira na Bujumbura. Lakini ni Kiswahili, wala hakikungoja sheria ya mwaka 2017.

Basi tuanze na jina. Neno biskuti limeingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza, nacho Kiingereza kililipata kwa Wafaransa, ambao kwao maana yake ya asili ni kitu kilichopikwa mara mbili. Ulikuwa mkate wa mabaharia na wa askari: ukiisha kuiva ulirudishwa motoni ukauke kabisa, usiote ukungu katika safari ya miezi. Hapana shaka kwamba mkate huo mgumu wa jahazini haukuwa na utamu wowote. Sukari, siagi na nazi zilikuja baadaye, na jina likabaki lilelile ijapokuwa biskuti za leo hupikwa mara moja tu.

Sasa tazama neno hilo lilivyovaa nguo za Kinyarwanda. Wanyarwanda wanazo namna mbili za kuitaja biskuti. Mjini husikika biswi, na hilo limetoka moja kwa moja katika Kifaransa, ambacho hakiitamki t iliyo mwishoni mwa neno hili. Namna ya pili ni igisuguti, wingi wake ibisuguti. Hapa t ipo, tena imesimama wima. Neno lililotoka katika kinywa cha Mfaransa au cha Mbelgiji asemaye Kifaransa lisingeweza kuwa na t hiyo. Limetoka katika kinywa kilichosema biskuti, na katika nchi hii, kwa miaka mingi ambayo Kiingereza hakikuwa na wasemaji wa kutajika, kinywa hicho kilikuwa cha Mswahili. Herufi moja inatosha kutuonyesha njia liliyopitia neno zima.

Walimu wenzetu wataona jambo la pili katika neno hilo. Silabi ya kwanza ya biskuti haikuwa kiambishi cha ngeli hata kidogo. Mnyarwanda alipoisikia bi akaiona ni kiambishi cha wingi, kama ilivyo katika ibitabo, ndipo akaunda umoja wake kwa kiambishi cha umoja: igitabo, igisuguti. Hayo ndiyo yaleyale tuliyoyafanya sisi Waswahili kwa kitabu cha Waarabu tulipokipa wingi wa vitabu, na kwa kiplefti cha barabarani tulipokipa viplefti. Ukitaka kumweleza mwanafunzi wa Muganza namna ngeli zinavyonasa maneno ya kigeni, huna haja ya kumpeleka mbali. Mpe biskuti.

Kuna na jambo la tatu, nalo ni ile g iliyochukua mahali pa k. Katika Kinyarwanda, k inapofuatwa na silabi inayoanza kwa konsonanti isiyo na mghuno, kama vile t au k nyingine, hugeuka kuwa g. Wanaisimu huiita kanuni ya Dahl, kwa jina la mmisionari Mjerumani aliyefanya kazi Unyamwezi; Carl Meinhof ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1903. Kwa kanuni hiyo mkate wa Waswahili ulipoingia Rwanda ukawa umugati. Kijiko kikawa ikiyiko, na hapo k imebaki kwa sababu y ina mghuno. Sukari ikawa isukari, sufuria ikawa isafuriya, sahani ikawa isahani, chai ikawa icyayi, maandazi yakawa amandazi, na andazi moja likawa irindazi. Hata mahali penyewe pa kupikia, igikoni, panaelekea kuwa jikoni petu pale pale. Kinyarwanda kilikuwa na umutsima wake tangu kale, chakula kizito cha unga na maji ya moto, na neno hilo lingaliweza kunyoshwa liufunike mkate wa ngano. Katika tafsiri za Biblia limefanywa hivyo. Lakini mezani na dukani mkate ni umugati. Watu hawakuazima neno la Kiswahili kwa kukosa neno. Waliliazima kwa sababu waliouleta mkate walikuja nao pamoja na jina lake.

Ni nani hao walioleta? Ili kujibu swali hilo hatuna budi kushuka hadi pwani na kupanda tena polepole.

Pwani ya Waswahili ilijua kuoka kabla ya biskuti kufika. Ule mkate wa mofa, uliokandwa kwa unga wa mtama na kubandikwa ndani ya tanuri ya udongo iitwayo mofa, ni ndugu wa mikate ya Yemeni na ya Wasomali, na jina lake pia ni la jamaa hiyo. Mkate wa ufuta hubandikwa katika chungu au kikaango, kisha ukageuzwa uso wake uelekee moto. Mkate wa kumimina ndio ulio karibu zaidi na jambo letu: mchele hurowekwa, husagwa pamoja na tui zito la nazi, hutiwa sukari, hamira na iliki, huachwa uumuke, kisha ukamiminwa katika sufuria na kupikwa kwa moto wa juu na wa chini. Viko na vileja, vilivyo biskuti hasa ijapokuwa havikuitwa hivyo, vidonge vya unga wa mchele, samli, sukari na iliki vilivyookwa hadi vikawa vya kumomonyoka mdomoni; hata leo Unguja na Mombasa sikukuu haiwi sikukuu bila vileja. Mwenye kudhani kwamba biskuti ya nyumbani ilifundishwa Afrika ya Mashariki na bibi wa kizungu na aonje kileja kwanza.

Tunaomba msomaji auangalie ule moto wa juu na wa chini, maana ndio ufunguo wa habari yetu. Nyumba nyingi za pwani hazikuwa na tanuri. Mpishi aliteka makaa mekundu akayapanga juu ya kifuniko cha bati au cha chungu, akayapunguza yale ya chini, na sufuria ikawa tanuri. Kazi hiyo huitwa kupalia. Wali hupaliwa, mkate wa kumimina hupaliwa, keki hupaliwa. Ni ufundi usiohitaji chombo chochote ambacho msafiri hana, na kwa hiyo uliweza kusafiri.

Nao ulisafiri. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu ilishika njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika mpaka Manyema. Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, ameandika kwamba Waarabu wa huko walipanda ngano kwa ajili ya chakula chao wenyewe. Mpunga ulienezwa na waungwana hao hata ukawa zao la Manyema. Lakini mnazi haukuwafuata. Ni mti wa pwani, na kila hatua ya kuiacha bahari ilikuwa hatua ya kuliacha tui. Kandokando ya Ziwa Tanganyika mahali pa nazi palichukuliwa na mawese, na kashata ambayo Unguja ni ya nazi, bara ikawa ya karanga. Twaona hapa namna upishi unavyofanana na lugha: umbo hubaki, vijazo hubadilika kulingana na nchi.

Ufalme wa Rwanda haukuwapenda wafanyabiashara hao na haukuwafungulia mlango kama walivyofunguliwa penginepo, na kwa hiyo Kiswahili kilichelewa kuingia. Mwaka 1896 kikosi cha Dola Huru ya Kongo kilipigana na majeshi ya mwami huko Shangi, ufukoni mwa Ziwa Kivu. Mwaka 1898 Wajerumani wakaweka kituo chao hapohapo Shangi, na Richard Kandt, ambaye mwaka 1907 alianzisha makao ya serikali Kigali, alipata kukaa huko. Shangi si mbali na Rusizi yetu. Serikali ya Kijerumani iliendeshwa kwa Kiswahili: askari wake, makarani wake, wakalimani wake na wapagazi wake walikisema. Vitabu vya historia vimewaandika maafisa kwa majina, na askari kwa idadi. Waliokuja pamoja na askari hawakuandikwa hivyo.

Nasi twataka kusimama kidogo hapa. Askari wa Kijerumani hakusafiri peke yake. Alikuwa na mke, mara nyingi na watoto, na pengine na mtumishi wa mke. Mwanamke huyo ndiye aliyepika. Yeye ndiye aliyekwenda kwa jirani wa Kinyarwanda kutafuta maziwa, ndizi na kuni, na yeye ndiye aliyeonekana asubuhi akikaanga maandazi mbele ya nyumba. Amri za kijeshi hazikumfundisha Mnyarwanda kusema isafuriya. Hakuna afisa aliyepiga kengele ili watu wajifunze kusema isahani. Maneno ya aina hiyo hujifunzwa kwa kuazima chombo na kukirudisha. Tukihesabu maneno ya Kiswahili yaliyomo katika Kinyarwanda cha kila siku, fungu la jikoni na mezani ni nono kiasi cha kutulazimisha tukubali kwamba walimu wa kwanza wa Kiswahili wa nchi hii walikuwa wanawake hao. Hakuna shule iliyowapa cheti, wala hatujui jina la hata mmoja wao.

Wakati huohuo Mapadri Weupe walikuwa wakijenga misheni zao. Ile ya Mibirizi, iliyoanzishwa mwaka 1903, iko katika wilaya hiihii ya Rusizi, na ndiyo inayosifiwa kwa miche ya kwanza ya kahawa nchini. Ngano nayo ililetwa Rwanda na wamisionari, waliohitaji unga wa hostia na wa meza yao. Kwa hiyo unga ulikuja kwa padri, na umugati ukaja kwa Mswahili. Huu ndio mgawanyo wa kazi ambao Rwanda imeurithi.

Vita vya kwanza vya dunia vikaipindua hali hiyo. Mwezi wa Aprili 1916 majeshi ya Kibelgiji yaliuvuka mpaka wa Rusizi, na mwezi uliofuata Kigali ikatwaliwa. Serikali mpya ililetwa na Kifaransa, na jikoni nako kukaingia tabaka jipya la maneno: ifuru, ndiyo tanuri ya mkate, ifarini, ndio unga wa ngano. Waswahili waliobaki, wengi wao wakiwa Waislamu, walitengewa mitaa yao iliyoitwa kambi za Waswahili. Biryogo ya Kigali ni maarufu, na Cyangugu nayo ilikuwa na Waswahili wake. Kusafiri na kukaa kwao kulitiwa masharti, na kwa kuwa shule nyingi zilikuwa za misheni, watoto wao walibaki nyuma katika elimu. Hapo ndipo ile dharau tuliyoitaja mwanzoni ilipoota mizizi. Lakini irindazi halikuomba ruhusa ya kutoka kambini. Lilitoka kila asubuhi katika beseni kichwani mwa mtoto, likaliwa na watu ambao hawakutaka kuonekana wakizungumza na Waswahili.

Kwa bahati, vita hivyohivyo ndivyo vilivyoipa jina biskuti ya oti na nazi katika upande mwingine wa dunia. Tarehe 25 Aprili 1915, mwaka mmoja kabla ya Rusizi kuvukwa, wanajeshi wa Australia na New Zealand walishuka Gallipoli, katika pwani ya Uturuki. Kikosi chao kwa kifupi kiliitwa ANZAC, na biskuti ya nyumbani ya oti, unga, sukari, siagi na asali ya miwa ikapewa jina hilo. Husimuliwa kwamba akina mama waliwapelekea wana wao biskuti hizo kwa meli kwa kuwa hazina yai na hazichachi upesi. Namna masimulizi hayo yanavyopendwa huenda imezidi kiasi cha biskuti zilizofika. Jambo la hakika ni kwamba maelezo ya mapishi yaliyochapishwa mwanzoni hayakuwa na nazi. Nazi iliongezwa baada ya vita. Oti ilikuwa imekwisha kupelekwa huko na wahamiaji wa Kiskoti, na nazi kavu iliyokunwa ilikuwa ikitengenezwa viwandani huko Ceylon, ambayo ndiyo Sri Lanka ya leo, tangu mwishoni mwa karne ya 19. Nayo ndiyo iliyoiwezesha nazi kufika majikoni yasiyopata kuuona mnazi: ya Melbourne kwanza, na baada ya miaka mingi ya Kamembe na Muganza, ndani ya mfuko mdogo wa plastiki.

Hapa tunaingia katika suala linalotuumiza vichwa darasani. Oti tuiiteje? Baadhi ya kamusi hutupa shayiri. Lakini shayiri ni neno la Kiarabu, na kwa Waarabu ni nafaka nyingine, ile ambayo mikate mitano ya yule kijana katika Injili ilitengenezwa kwayo, na ambayo viwanda vya bia huitumia. Nafaka hizi mbili zatofautiana kwa suke, kwa punje na kwa matumizi. Mtu akinunua shayiri ya bia akajaribu kupika biskuti hii atapata changarawe. Waswahili hawakulima hata moja kati ya hizo mbili, ndiyo maana neno moja liliwatosha. Sasa halitoshi. Wako wenzetu wanaoshikilia shayiri kwa kuwa imo kamusini, na twawaheshimu. Sisi twapendelea oti, ambayo muuza duka wa Dar es Salaam na wa Nairobi wameisema zamani, na ambayo haimdanganyi mnunuzi. Neno lililozaliwa sokoni lisikataliwe kwa kosa la kutozaliwa kamusini.

Upande wa nazi hali ni kinyume chake. Huko Kiswahili kina utajiri wa kupita kiasi, na mtoto wa Muganza hana kitu cha kuushikia. Twamfundisha kwamba tunda likiwa changa kabisa ni kidaka, kisha kitale, kisha dafu la kunywewa maji, kisha koroma, hata liwe nazi. Kwamba ganda la nyuzi ni kumbi na lile gumu ni kifuu. Kwamba nyama yake hukunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa tui, na yanayobaki ni machicha. Mwanafunzi huandika yote, na katika mtihani huandika kwamba mbuzi hutoa tui. Hatumlaumu. Siku tulipowaletea wanafunzi mfuko wa nazi kavu, wakaigusa na kuinusa, swali la kwanza walilouliza lilikuwa kama haya ndiyo machicha. Lilikuwa swali zuri kuliko yote ya muhula ule, na jibu lake ni hapana: machicha yamekwisha kutolewa mafuta pamoja na tui, bali nazi kavu ya dukani imekaushwa tu na mafuta yake yamo. Tofauti hiyo yaonekana katika biskuti. Ile ya machicha hukauka kama pumba na huhitaji siagi zaidi.

Upishi wenyewe tumeufuata kama tulivyouona ukifanywa Muganza. Hupimwa kikombe kimoja cha oti, kikombe kimoja cha unga wa ngano, robo tatu ya kikombe cha nazi kavu na robo tatu ya sukari, vikachanganywa vikiwa vikavu. Gramu 125 za siagi huyeyushwa pamoja na vijiko viwili vikubwa vya asali ya nyuki. Wengi hutumia Blue Band, na watu huita hivyo hata ikiwa ni ya kampuni nyingine. Nusu kijiko cha chai cha magadi soda hukorogwa katika vijiko viwili vya maji yanayochemka, kisha hutiwa katika siagi. Hapo povu hupanda ghafla, kwa kuwa asali ina uchachu kidogo na magadi huupinga. Asiyejua huogopa na kuiepua sufuria. Povu hilo ndilo hamira ya biskuti hii. Humiminwa upesi katika vitu vikavu, hukorogwa, na mchanganyiko hufinyangwa vidonge vya ukubwa wa limau dogo, vikabonyezwa kwa kiganja.

Ifuru hakuna. Sufuria kubwa hutandazwa mchanga mkavu chini, unene wa vidole viwili, ikafunikwa na kupashwa moto robo saa. Sahani ya bati yenye vidonge huwekwa juu ya vijiwe vitatu ndani yake, isiguse mchanga. Kifuniko hurudishwa, na makaa hupangwa juu ya kifuniko kuzunguka ukingo, mengi kuliko yale ya chini, maana chini huunguza kabla ya juu kuiva. Baada ya dakika 12 hadi 15 biskuti huwa zimepata rangi lakini zingali laini, na hapo ndipo wengi wanapokosea wakaziacha ziendelee mpaka zikawa ngumu motoni. Yafaa zitolewe zikiwa laini, hukakamaa zikipoa. Tena asali hupata weusi upesi kuliko ile asali ya miwa ya Waaustralia, kwa hiyo moto uwe mdogo. Mzee mmoja wa kike aliyekuwa akitusimamia alituambia kwa maneno machache: "Mwalimu, makaa ya juu ndiyo yanapika, ya chini yanasaidia tu." Kitendo hicho yeye hakukiita kupalia, alisema tu kuweka moto juu. Neno limepotea njiani mahali fulani kati ya Ujiji na Rusizi, lakini mikono yake ililijua barabara.

Oti ni ghali. Pakiti moja kwa kibarua wa mpunga ni anasa, na kwa hiyo katika nyumba nyingine tulikuta imeachwa kabisa na mahali pake pamewekwa chenga za mchele, zile zinazobaki mashineni mpunga wa bonde ukiisha kukobolewa. Chenga hukaangwa kidogo bila mafuta, hutwangwa, huchekechwa, na unga wake huchanganywa na siagi, sukari na nazi ikiwa ipo. Asali hupunguzwa hadi kijiko kimoja, maana unga wa mchele haunywi maji kama oti, na siagi huongezwa kidogo ili biskuti zisivunjike zikishikwa. Aliyezipika hakuwa amefika pwani wala hakuwa amesikia habari za vileja. Tulipozionja, mwenzetu mmoja aliyepata kusoma Unguja alinyamaza kidogo, kisha akauliza iliki iko wapi.